Je, Wajua? Mwana wa Nairobi, Gitaa la Mfungwa na Wimbo wa Ng'ombe

Je, wajua kuwa Mwingereza aliyepata umaarufu duniani kwa gitaa, sauti nzito na nyimbo za kuagana alikuwa mzaliwa wa Nairobi? Roger Whittaker alizaliwa huko tarehe 22 Machi 1936, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Staffordshire. Mauzo ya santuri zake hutajwa kuwa milioni 50 hivi. Kwetu Kenya alijulikana zaidi kwa wimbo mmoja, nao tutaufikia.

Gitaa lake la kwanza lilitengenezwa na mfungwa wa vita wa Kiitaliano, naye akalipata akiwa mtoto wa miaka 7. Wafungwa hao walijaa Kenya baada ya Waitaliano kushindwa Uhabeshi mwaka 1941. Ndio waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, ambalo dereva wa lori la Lodwar hulipita akiteremka Bonde la Ufa, na mara nyingi hana habari nalo. Turkana yenyewe ilikuwa ukingoni mwa vita hivyo: askari wa King's African Rifles (KAR) waliondokea Lokitaung kwenda kupambana na Waitaliano ng'ambo ya mpaka.

Mtoto yule alikua, akasoma Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, kisha akatumikia miaka miwili katika Kenya Regiment, kikosi cha vijana wa kizungu, wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau. Wakati huo Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa kifungoni Lokitaung. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Mwaka huohuo Whittaker alipanda kwenda Uingereza, akaishia Bangor, Wales, kusomea sayansi ya wanyama na viumbe vya baharini. Alipata shahada yake, lakini samaki hawakumwona tena.

Santuri zake za awali kabisa hazikuuzwa dukani. Zilikuwa zile santuri laini za plastiki, zikitolewa pamoja na gazeti la wanafunzi wa Bangor. Kampuni ya Fontana ndiyo iliyomrekodi kwa mara ya kwanza kama msanii wa kulipwa, mwaka 1962, na jina lake likaandikwa kwa mkato: Rog.

Je, wajua kuwa kilichomfungulia mlango Ulaya ni mluzi? Mwaka 1967 alishiriki tamasha la nyimbo la Knokke, Ubelgiji, na kipande chake cha kupiga mluzi, “Mexican Whistler”, kikavuma bara zima kabla Waingereza hawajamtia maanani. Nasi tuliokua tukichunga mbuzi kando ya Mto Kerio, tukipigiana mluzi kutoka kichaka hadi kichaka, hatukuwahi kuambiwa kwamba ile nayo ni kazi ya mshahara.

Waingereza walimgutukia mwaka 1969 kwa “Durham Town”, wimbo wa kijana anayeondoka kwao. Una kasoro moja ya kuchekesha. Ndani yake unatajwa Mto Tyne, ilhali mji wa Durham umekaa kwenye Mto Wear. Mwimbaji wa Kerio akisema kwamba Mto Turkwel unapita kijijini kwake, watoto watamsahihisha kabla hajamaliza ubeti. Waingereza walinunua santuri hata hivyo, wimbo ukaingia nyimbo 20 bora.

Lakini hadithi yenyewe hasa ni ya “The Last Farewell”. Whittaker alikuwa na kipindi redioni Uingereza, akawaomba wasikilizaji wamletee mashairi ili ayatilie muziki, wimbo mmoja kila wiki kwa wiki 26. Barua zilimiminika. Katika rundo hilo kulikuwa na shairi la mfua fedha wa Birmingham aitwaye Ron Webster, kuhusu baharia anayemuaga mpenzi wake. Whittaker alilitungia sauti, likarekodiwa mwaka 1971, likatiwa katika albamu, na basi. Hakuna aliyeshtuka.

Miaka minne ikapita. Mke wa msimamizi wa vipindi wa kituo kimoja cha redio cha Atlanta, Marekani, alikuwa safarini Kanada akausikia wimbo huo redioni. Aliporudi alimtaka mumewe aupige. Mume akatii, simu zikalia, na mwaka 1975 wimbo ule wa zamani ukapanda hadi nambari 19 kwenye chati kuu ya Marekani. Ndipo Uingereza nayo ikaamka: ukafika nambari 2. Mwaka uliofuata Elvis Presley aliurekodi. Kampuni za muziki hupenda kusimulia jinsi zinavyotengeneza nyota. Hapa kazi ilifanywa na mfua fedha, mke wa mtu, na redio ya Kanada.

Wajerumani nao walimpenda kupita kiasi. Alirekodi kwa lugha yao albamu nyingi ingawa hakuizungumza. Alisoma maneno kwa matamshi tu, kama mwanakwaya anayeimba Kilatini kanisani. Ukumbi ukijaa, nani anauliza?

Sasa wimbo wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa “My Land Is Kenya”, na Sauti ya Kenya ikaupiga sana. Ni mtamu, sikatai. Ila kuusikiliza ukiwa Lodwar, karibu na nyumba ambamo Kenyatta alizuiliwa, hukufanya ujiulize neno “yangu” lilimaanisha nini kinywani mwa askari wa zamani wa Kenya Regiment. Pengine lilimaanisha mapenzi tu; mtu hachagui pa kuzaliwa. Yeye mwenyewe alisema kuwa mapigo ya ngoma za Kenya aliyoyasikia utotoni hayakumtoka maisha yake yote. Alifariki Ufaransa tarehe 13 Septemba 2023, akiwa na miaka 87.

Kuhusu ngoma: Waturkana kwa asili hawapigi ngoma. Katika edonga, densi yao, mdundo ni wa miguu inayotua chini kwa pamoja, makofi na sauti za watu. Na utunzi mkubwa wa mwanamume ni juu ya fahali wake, rangi yake na pembe zake.

Je, wajua kuwa wimbo wa ng'ombe wa Waturkana umo ndani ya misa ya Kilatini? David Fanshawe, mtunzi wa Kiingereza, alizunguka Misri, Sudan, Uganda na Kenya kuanzia mwaka 1969 akiwa na kinasa sauti. Aliyoyanasa aliyachanganya na kwaya, ngoma na magitaa ya umeme katika “African Sanctus”, iliyoimbwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Adhana ya Cairo imo, Wamasai wamo, Waturkana wamo.

Fanshawe alizaliwa Devon. Hugh Tracey naye, mnasa sauti aliyemtangulia, alikuwa wa Devon. Tracey ndiye aliyewarekodi wasichana wa Kikipsigis mwaka 1950 wakiimba “Chemirocha”, jina lililotokana na mpiga gitaa wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini mwao. Mwaka 2014 maktaba ya muziki ya Tracey iliyoko Afrika Kusini, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi zile kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa zamani zile walikuwa hai bado kujisikia.

Safari ya namna hiyo ingefaa kuteremka hadi Turkana. Wazee wa Kerio wangeusikiliza ule wimbo wa ng'ombe wa Fanshawe mara moja tu, kisha wabishane hadi usiku ng'ombe anayeimbwa alikuwa wa ukoo gani.