Mzee wako ana alama ngapi?



Mzee mwenye ugonjwa wa siku nyingi, kama sukari, tansio au mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodi, akiulizwa hali anajibu: «Nzuri tu.» Jibu hilo ni heshima, si kipimo.

Kwenye dispanseri tunapima uzito na tansio. Kabla ya kupimwa tansio mzee akae kimya dakika 5. Ikifika 14 kwa 9 mara kwa mara, iko juu.

Lakini namba hizo hazisemi yote. Mwaka 1963, kule Marekani, daktari Sidney Katz na wenzake walieleza kipimo kisichotaka chombo chochote. Angalia kazi 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kujizuia haja, kula. Kila kazi mzee anayoifanya bila kusaidiwa, mpe alama 1.

Andika jumla katika daftari kila mwezi. Kama alikuwa na 6 na sasa ana 4, usiseme «ni uzee tu». Uzee hauangushi mtu kwa juma moja. Labda ana homa ya mapafu, labda dawa zimekwisha naye amenyamaza. Mlete upesi, pamoja na daftari na dawa zake zote.

Sisi tunamwona dakika chache. Ninyi mnakaa naye kutwa. Macho yenu ni kipimo pia.