Mtunzaji wa Mgonjwa Nyumbani: Mambo Anayohitaji Kuyajua

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza mpaka kwa Yesu. Twahubiri mara nyingi juu ya mgonjwa yule. Juu ya mahitaji ya wachukuzi twanena machache. Nao wachukuzi wamo katika sharika zetu hata leo: mke, binti au mkwe aliyerudishiwa mgonjwa wa kiharusi kutoka hospitali, akaambiwa tu amtunze. Amtunze kwa namna gani, hakuelezwa. Makala hii yaeleza mambo ambayo mtu huyo anahitaji kuyajua.

Kwanza, chanzo cha ugonjwa. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na shinikizo la juu la damu ni sababu kubwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha wazi kwamba huu si ugonjwa wa nchi tajiri peke yake. Nyumba isiyojua hayo huuliza, "Nani amemfanyia?" Ndipo jirani hushukiwa na dawa huachwa. Tena dawa za shinikizo haziachwi kwa kuwa mgonjwa anajisikia nafuu. Kuziacha ni kukaribisha kiharusi cha pili.

Pili, kazi ya mikono. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na ngozi ya visigino, nyonga na matako itazamwe kila siku, kwa maana vidonda huanzia hapo. Alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Akikohoa au kupaliwa, mlishaji asimame na kutafuta ushauri wa mganga, maana chakula huweza kuingia mapafuni. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, kwani bega huumia. Asiyeweza kusema huenda anasikia na kuelewa yote. Basi asisemwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Tatu, hali ya mtunzaji mwenyewe. Ahitaji kujua kwamba nafuu kubwa huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini yaweza kuendelea polepole hata baadaye. Ahitaji kujua pia kwamba uchovu na hasira huwapata watunzaji wengi, wala si dalili ya kukosa upendo.

Je, mchungaji afanye nini? Yeye si daktari, wala asijifanye daktari. Lakini yeye huingia nyumba ambazo muuguzi hafiki. Sisi wenyewe tumewahi kusali kando ya kitanda, tukaaga, tukamwacha mlangoni mtu mwenye swali ambalo hatukumpa nafasi ya kuliuliza. Yatupasa basi, baada ya sala, kuketi na mtunzaji kando na kumwuliza: "Na wewe, mama, unalala?" Kisha tumwombe muuguzi aliye msharika wetu aje amwonyeshe kazi hizi kwa vitendo, na akina mama wa usharika wapange zamu, ili apate walau usiku mmoja wa kupumzika.

Wale wa Kapernaumu walikuwa wanne. Katika nyumba nyingi za sharika zetu mchukuzi ni mmoja.