Shaba na Alumini

Leo nataka tuzungumze habari za madini mawili ambayo kila mtu ayajua kwa macho, lakini si wengi wazijuao tabia zake, yaani shaba na alumini. Watu huuliza, "Ipi iliyo bora?" Swali hilo halina jawabu moja, kama vile kuuliza lipi bora, jembe au kasia. Yafaa kuuliza kwanza, "Bora kwa kazi gani?"

Shaba imefuliwa kwa maelfu ya miaka. Huko Katanga wenyeji waliisubu kwa umbo la msalaba, ikatumika kama fedha. Alumini nayo imo tele ardhini, lakini imeshikamana na vitu vingine hata moto wa mhunzi hauwezi kuitoa. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walivumbua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme, ndipo bei yake iliposhuka. Jina la sufuria lilitokana na neno la Kiarabu la shaba, lakini siku hizi sufuria zetu nyingi ni za alumini.

Sasa tuzipime. Kipande cha shaba huwa kizito zaidi ya mara 3 kuliko kipande cha alumini cha ukubwa uleule. Alumini huyeyuka kwa digrii 660 za Sentigredi, na shaba kwa digrii 1,085. Katika kupitisha umeme shaba hushinda: waya wa alumini wenye unene sawa hupitisha kama sehemu 60 tu katika 100. Lakini ukipima kwa uzito, kilo 1 ya alumini hufanya kazi ya kilo 2 za shaba. Ndiyo sababu waya kubwa zivukazo mabonde juu ya nguzo ndefu huwa za alumini, zimetiwa chuma cha pua katikati zisikatike, na waya za nyumbani kwa kawaida ni za shaba.

Kila moja ina adui zake. Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba sana iikingayo. Magadi na majivu huila ngozi hiyo. Kwa hiyo maharage yatiwayo magadi yafaa kupikwa katika chungu. Shaba nayo ikiguswa na limau, siki au ukwaju hutoa sumu katika chakula. Kwa hiyo mafundi wa zamani walipaka bati ndani ya vyombo vya shaba, na bati likitoka, chombo kisipikiwe mpaka kipakwe tena. Tena madini haya mawili yakigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa upesi. Basi mtu wa pwani asipigilie bamba la alumini kwa misumari ya shaba.

Hata hivyo madini haya si maadui siku zote. Kila moja likiwa safi ni laini, na nguvu hupatikana kwa kuchanganya. Shaba ikitiwa zinki huwa shaba ya manjano. Ikitiwa bati huwa ngumu, hufaa kusubiwa kengele. Mwaka 1906 Alfred Wilm wa Ujerumani alichukua alumini iliyotiwa shaba kama sehemu 4 katika 100 na magnesiamu kidogo, akaipasha moto, akaitosa ghafula majini. Siku chache baadaye akaona imezidi kuwa ngumu, bila kuguswa na mtu. Nguvu zake zilikuwa zaidi ya mara 4 kuliko za alumini safi, na kwa mchanganyiko wa namna hiyo ziliundwa eropleni nyingi. Lakini huliwa upesi kuliko alumini safi, hata mabamba yake yakavikwa alumini safi juu. Vivyo hivyo shaba ikitiwa alumini kama sehemu 10 katika 100 huwa imara mbele ya maji ya bahari, ikafaa kwa rafadha za meli.

Basi tazameni: kitu kidogo kikitiwa katika kingine hubadili tabia yote. Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari. Fundi asubuye sufuria kwa mabaki ya kuokota hawezi kujua kwa macho mna nini ndani yake. Vipande vingine vina risasi, hasa redieta zilizotiwa lehemu, na betri za motokaa zimejaa risasi. Risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto zaidi, katika akili zao. Wala haina rangi wala ladha ya kuionya familia mezani. Fundi mwema huchagua mabaki yake kabla ya kuyayeyusha, na mnunuzi mwenye busara humwuliza sufuria hii imetoka katika nini, kabla hajafungua mkoba wake.