Stata ilikuwa nzima, mtaji ukaisha

Jua lilikuwa linazama pale Kobero wakati gari la shemeji yangu lilipogoma. Tulikuwa tumetoka Kabanga na magunia ya mchele, karatasi zimekwisha kugongwa muhuri, na walio nyuma yetu wanapiga honi. Akageuza ufunguo: tap! Akageuza tena: tap! Mara ya sita injini ikawaka kama ya gari lililoshushwa bandarini jana. "Umeona, shemeji?" akaniambia. "Ndivyo linavyonifanyia."

Shemeji ni mmoja wa waliorudi Burundi kutoka kambini mkoani Kigoma, na gari hilo kuukuu, lenye usukani wa kulia, ndilo duka lake na ndiyo ofisi yake. Kwa miezi mitatu lilikuwa likimchezea: leo linagoma mara mbili, kisha wiki nzima halina neno. Fundi wa kwanza akasema stata imekufa. Akanunua ya mtumba. Siku ya tisa gari likagoma. Fundi wa pili, aliyejifunzia kazi Bujumbura na ambaye kwake stata ni demareri, naye akasema demareri imekufa. Ikanunuliwa nyingine. Fedha hizo zilikuwa za mchele wa safari mbili.

Mafundi hao hawakuwa matapeli. Walitumia kipimo ambacho karibu kila dereva anakijua: washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, tazama betri na vichwa vyake. Zikibaki na mwanga wake na ukasikia tap moja, stata inashukiwa. Zikibaki na mwanga na usisikie chochote, tafuta kwenye swichi ya ufunguo, relei au waya mwembamba unaokwenda kwenye stata. Kwa gari la automatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P; likikubali, swichi ya gia ndiyo yenye kasoro.

Taa za shemeji zilibaki nyeupe kabisa. Hapo ndipo wote walipopotea.

Taa mbili kubwa zinakula kama ampea 10 tu. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta 150 au zaidi kwa mara moja. Tena taa zinarudisha umeme kupitia bodi, lakini stata inaurudisha kupitia chuma cha injini. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo inahitaji waya wake mnene wa ethi, ule ambao Bujumbura wanauita masi. Waya huo ukilegea au nati yake ikishika kutu, taa zitawaka vizuri huku stata ikifa njaa. Barabara ikiutikisa kidogo, unagusa na gari linawaka. Kesho unaachia.

Siku ile ya Kobero kitu kilichotufumbua macho ni waya wa klachi. Baada ya kugeuza ufunguo mara kadhaa, ulikuwa wa moto. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa umejitafutia nyingine.

Tulipofika nyumbani tukasubiri ligome tena, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawana subira nalo. Ugonjwa wa kuja na kuondoka hupimwa ukiwa umekuja. Gari likiwa linawaka, fundi anabahatisha, na wewe ndiye unayelipia bahati yake. Lilipogoma, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, tukachukua waya mnene wa kuungia betri, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Likawaka papo hapo.

Mwenye mita anaweza kupima hivyo hivyo: ncha nyekundu kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye hasi ya betri, na mwenzako ageuze ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Betri yenyewe, ikiwa imelala usiku kucha, isome karibu 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6 hivi, na injini ikiwaka ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, alteneta haichaji, hata ununue betri mpya kila mwezi.

Wapo pia wanaogonga stata kwa spana na gari likawaka. Hao kweli wana stata iliyochoka, lakini mara nyingi ni kaboni zake au vipande vya shaba vya swichi yake, na fundi mzuri hubadilisha hivyo tu. Injini ikizunguka bila kuwaka, huo ni ugonjwa mwingine: mafuta ya madumu yenye maji, pampu, au koili inayogoma ikipata joto.

Sisi tulifungua hasi ya betri kwanza, tukatoa nati ya ethi, tukasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Kazi ya nusu saa na spana moja. Stata mbili za ziada bado ziko chini ya kitanda cha shemeji, anazitafutia mteja.