Kiraka Kinapokataa Kushika

Programu nyingi za JavaScript husimama juu ya mamia ya maktaba za watu wengine, zilizorundikwa katika folda ya node_modules. Maktaba moja ikiwa na hitilafu, unaweza kuingia humo ukanyoosha mstari wenye kasoro, lakini maktaba zikisakinishwa upya kazi yako hupotea. Hapo ndipo patch-package inapofaa: huandika tofauti kati ya ulichobadilisha na faili asilia kama kiraka ndani ya folda ya patches, na hukibandika tena baada ya kila usakinishaji.

Lalamiko la kila siku ni kwamba kiraka kinafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu, kikifika kwenye seva kimetoweka. Mara nyingi kiraka hakina kosa, ila hakuna aliyekiita. Hakikisha package.json ina amri ya postinstall inayoendesha patch-package. Kisha fungua Dockerfile. Wengi hunakili package.json, wakasakinisha, ndipo wakanakili mengine. Folda ya patches hufika karamu imekwisha. Ubaya ni kwamba patch-package hailii: inasema haikuona viraka, inaendelea na safari. Nakili patches kabla ya npm ci. Kama patch-package yenyewe iko devDependencies na seva inaruka kundi hilo, usakinishaji utakwama kwa kuwa amri haipo. Anayetumia --ignore-scripts naye asishangae, maana postinstall haiendeshwi kabisa.

Tatizo la pili ni toleo. Jina la kiraka hubeba namba ya toleo la maktaba, kwa mfano left-pad+1.3.0.patch. Maktaba ikipanda toleo, kiraka kikishika utapata onyo tu. Kisiposhika, utapata kosa. Kwenye kompyuta yako, hata kikikataa, usakinishaji hukamilika kana kwamba hakuna lililotokea, kwa hiyo soma maandishi yanayopita, au weka --error-on-fail. Usihariri faili la kiraka kwa mkono, kwani hesabu za mistari huvurugika upesi. Rekebisha maktaba mpya, kisha uendeshe npx patch-package na jina lake.

Kiraka kikiwa kinene ajabu, hasa kwenye React Native, huenda kimezoa faili za android/build. Zitoe kwa --exclude.

Kabla ya kubandika tena, angalia kama mwenye maktaba hajarekebisha mwenyewe. Kama bado, mpelekee marekebisho yako. --create-issue itakuandalia ripoti ya GitHub.