Kujifunza Katika Makundi ya Mtandaoni

Mtahiniwa, huenda wakati wa likizo umo katika kundi la WhatsApp la kujiandaa na mtihani. Kila jioni huingia maswali ya miaka iliyopita, majibu na picha za madaftari. Je, kundi hilo linakufundisha, au linakufanya tu ujione umejifunza?

Mwaka 2000, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza mambo matatu yanayohitajika ili watu wajifunze pamoja kwa kompyuta:

(a) Uwepo wa kijamii: wanakundi huaminiana, hivyo mtu huuliza bila kuogopa kuchekwa.

(b) Uwepo wa kifikra: wanakundi huhoji na kujadiliana mpaka waelewe.

(c) Uwepo wa ufundishaji: yupo anayepanga mada, kuongoza mjadala na kurekebisha makosa. Si lazima awe mwalimu.

Jambo la pili ndilo rahisi kukosekana. Swali linatumwa: "Eleza dhima nne za fasihi." Baada ya dakika mbili jibu kamili limewekwa. Wengine wanalisoma, wanashukuru, wanaendelea. Aliyefikiri ni mmoja tu.

Hasara yake inaonekana katika utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, uliochapishwa Marekani mwaka 2006. Wanafunzi wa kundi moja walisoma kifungu cha habari kwa vipindi vinne. Wa kundi jingine walisoma kipindi kimoja, kisha wakaandika mara tatu waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 40 tu, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 61.

Kwa hiyo, kubalianeni hivi:

1. Swali likitumwa, jibu lisiwekwe kabla ya nusu saa. Kila mmoja aandike la kwake kwanza.

2. Majibu yakitofautiana, kila mtu atoe sababu, kisha mrejee kitabu au mumwulize mwalimu.

3. Kiongozi wa mjadala abadilike kila wiki.

Kumbuka, simu haiingii katika chumba cha mtihani. Utaingia na yale tu unayoweza kuyaandika bila kuitazama.

Jipime: Funika ukurasa huu, kisha eleza mambo matatu ya kundi bora. Lipi halipo katika kundi lako?