Kwa nini gemu nyingi huwafungia nje wenye ulemavu

JIONI katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, vibanda vya gemu huwavutia vijana kwa mechi za kandanda za kwenye televisheni. Kijana asiyeona husikia shangwe hizo akiwa mlangoni, lakini hapati nafasi ya kucheza. Kinachomzuia si macho yake pekee, bali pia jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa.

Mchezo wa bao, uliozoeleka katika baraza za Pwani, unatoa mfano mzuri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole. Mchezo wa video, kinyume chake, hupitisha karibu habari zote kwenye kioo: mpira ulipo, muda uliosalia, hata orodha ya kuanzia mchezo.

Suala hili linaigusa Mombasa bara moja kwa moja. Likoni kuna shule ya vipofu, na Changamwe kuna shule ya Port Reitz inayowahudumia wanafunzi wenye ulemavu wa viungo. Shirika la inABLE, lililoanzia Thika, limefikisha mafunzo ya kompyuta kwa wanafunzi wasioona wa Likoni.

Wasioona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2006 na Michael Curran pamoja na James Teh, wote wawili wasioona, na ambayo hutolewa bila malipo. Hata hivyo, gemu nyingi huchora maandishi yake kama picha. Programu hiyo haioni herufi zozote, hivyo hunyamaza. Mwanafunzi anayeandika barua bila msaada hujikuta hawezi hata kuanzisha mchezo.

Tiba ipo. Mwaka wa 2018, Microsoft ilitoa kidhibiti chenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuunganishia swichi nyingine, ili mchezaji atumie kiwiko, goti au mguu. Mwaka wa 2020, mchezo wa The Last of Us Part II ulitolewa ukiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu. Asiyeona aliweza kuucheza hadi mwisho kwa kufuata milio. Viziwi nao huhitaji maandishi ya mazungumzo, na wasiotofautisha rangi huhitaji alama. Mambo haya huwa nafuu yakipangwa tangu mwanzo, na ghali yakiongezwa baadaye.

Aidha, kuna wale wanaotaka kutunga gemu, si kucheza tu. Kwa miaka mingi, programu za kutungia michezo hazikusomeka kwa sauti. Mnamo Septemba 2025, toleo la 4.5 la Godot, programu ya kutungia isiyolipiwa, lilianza kuwa na uwezo huo, ingawa bado kwa majaribio.

Watunzi hao pia huhitaji wenzao. Ndani ya IGDA, shirika la kimataifa la watunzi wa michezo, kundi la kushughulikia suala hili limekuwapo tangu 2003. Mjini Mombasa, Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, huwakutanisha vijana wa teknolojia. Lakini kwa mkazi wa Likoni anayetumia kiti cha magurudumu, mteremko wa kivukoni ni mtihani. Ndiyo maana mikutano ya mtandaoni ina uzito kwake.

Kisheria, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Mwaka wa 2022, Kenya ilizindua viwango vya KS 2952 kuhusu ufikiaji wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari.

Sheria pekee haitoshi. Mtunzi wa gemu anayewaalika wenye ulemavu kuijaribu kazi yake kabla ya kuiuza hugundua mapema mlango alioufunga bila kujua. Na mwenye ulemavu akiwa ndiye mtunzi, huenda mlango huo usifungwe kamwe.